Mkorosho ulitambulishwa kwa nani?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kilwa Masoko, natembeza wageni wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu. Mwezi uliopita nilisimama kwenye mashua nikawaambia wageni, "I want to introduce you our captain." Mama mmoja wa Kizungu akainuka, akaenda mpaka kwa nahodha, akampa mkono na kujitaja jina. Mimi nilitaka nahodha ndiye asimame! Mwenzangu mmoja anasema nilisahau "to", mwingine anasema inatakiwa "with". Halafu nikisoma habari za korosho kwa Kiingereza nakuta Wareno "introduced" mikorosho. Sasa mkorosho ulitambulishwa kwa nani? Naomba unieleweshe neno hili.*

Marahaba, mwanangu. Huyo mama alikusikiliza vizuri kuliko ulivyojisikiliza mwenyewe. Ulisema "introduce you", akasikia kwamba anayepelekwa ni yeye. Kwa nani? Hukusema, ila mara akasikia "our captain", basi akaziba pengo kwa akili yake na kumfuata nahodha pale alipokaa. Kwenye Kiingereza, anayekaa nyuma tu ya kitenzi hiki ndiye anayeshikwa mkono na kupelekwa. Ungetaka nahodha ndiye asimame, ungemweka yeye hapo: "I want to introduce our captain to you." Mwenzako wa "to" ana haki yake. Yule wa "with" mwambie apumzike kidogo.

Kosa lenyewe lina mizizi darasani, tena darasani kwangu pia. Nimefundisha Kiingereza Mtwara na Lindi miaka mingi, na karibu kila mwanafunzi huja na jibu moja mfukoni: introduce ni kutambulisha. Miaka ya mwanzo nami niliandika hivyo ubaoni, alama ya sawasawa katikati, nikapita kwenye neno lingine. Siku moja tukasoma habari ya zao la korosho, binti mmoja wa Newala akanyoosha mkono na kuuliza swali lako hili hili la mkorosho. Nikamjibu, "Ndivyo wanavyosema wenyewe." Hilo ni jibu la mwalimu aliyekwama, na binti alijua. Alikaa chini akaninunia mpaka kengele ikalia.

Tuanzie kwetu. Kutambulisha kumetoka kwenye kutambua. Ukimtambulisha mtu unafanya atambuliwe: watu wajue jina lake, ni mtoto wa nani, ametoka wapi, amefuata nini. Kazi yote iko kwenye macho na masikio ya wanaompokea. Kiingereza neno lake kimelirithi kutoka Kilatini, na huko "intro" ni ndani, "ducere" ni kuongoza. Introduce, kwa asili, ni kumwongoza mtu au kitu mpaka kiingie ndani. Kazi iko kwenye miguu. Pana mlango, pana aliye nje, pana walio ndani, na pana mmoja anayevusha kizingiti. Huyo "ducere" ana watoto wengi: yumo kwenye "produce", ambayo asili yake ni kuongoza kitu kije mbele, na yumo kwenye "reduce", kukirudisha nyuma.

Shika huo mlango, usiuachie, kwa sababu karibu yote nitakayokwambia yanapita hapo.

Mkorosho basi. Mti huu kwao ni Brazil. Wareno waliubeba baharini na kuufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. "The Portuguese introduced the cashew tree to East Africa" haimaanishi kwamba walisimama ufukweni wakasema, jamani, huyu anaitwa mkorosho, mpokeeni. Mti ulikuwa nje ya nchi hizi, wao wakauvusha. Kwa Kiswahili waliuleta, au waliuingiza. Haukutambulishwa kwa mtu yeyote. Kinachofuata baada ya "to" hapo ni mahali. Mimi nikisoma mtu ameandika "Wareno walitambulisha mikorosho" nasikia Kiingereza kikikohoa nyuma ya pazia. Na hapa pana jambo linalonichekesha: kwa wataalamu wa mimea mkorosho bado ni "introduced species", mmea wa kuletwa, hata ule ulioko Tandahimba ambao babu ya babu alizaliwa akaukuta. Ukishavushwa mlango na mtu, kwenye vitabu vyao unabaki mgeni hata baada ya karne nne. Ming'oko yetu, ile mizizi ya kula inayochimbwa porini, haina shida hiyo, hakuna aliyeileta.

Sasa turudi kwenye mashua. Kwa nini ulisema "introduce you our captain"? Kwa sababu Kiswahili kinakuruhusu kuwabeba watu wawili kwenye kitenzi kimoja: *nataka niwatambulishie nahodha wetu*. Ile "wa" ni wageni, nahodha anafuata, hakuna kihusishi hata kimoja, na kila mtu ameelewa. Isitoshe, Kiingereza chenyewe kimekudanganya. Kinasema "give you a ticket", "show you the ruins", "tell you a story", wawili wawili bila "to". Umefanya hesabu ya haki kabisa: kama "show you" inakubali, "introduce you" itakataaje? Lakini inakataa. Na si peke yake. "Explain" na "describe", ambazo nazo zina asili ya Kilatini, zina tabia hiyo hiyo. Hakuna "explain me the price", ni "explain the price to me". Hakuna "describe us the palace", ni "describe the palace to us". Nikikutana na mtu aliyezoea kukosea kimoja kati ya hivi vitatu, sina haja ya kumpima kwenye viwili vilivyobaki.

Kwa hiyo pana njia mbili, na maana zake zinapishana. "Let me introduce our captain to you": nahodha anakuja kwenu. "Let me introduce you to our captain": ninyi mnakwenda kwa nahodha. Yule mama alisikia hii ya pili ikiwa imeng'olewa jino. Na pana ya tatu, ambayo utaisikia sana kwenye hotuba: "Allow me to introduce to you our captain, who has sailed these waters for thirty years." Hapo "to you" imesogezwa mbele kwa sababu jina la mtu limefuatwa na mkia mrefu, na hiyo "to you" ukiiacha mpaka mwisho msikilizaji atakuwa ameshasahau ilikuwa ya nini. Si kosa. Ila kwa watu sita kwenye mashua ni nguo ya harusi sokoni.

Njia ambayo ningependa uitumie wewe ni fupi kuliko zote. Kama unaongea na hao hao wanaopokea, "to you" haihitajiki kabisa. "May I introduce our captain, Mzee Bakari?" Basi. Wanaosikiliza ndio wanaopelekewa, hilo linajulikana. Na kwa mazungumzo ya kawaida, wasemaji wenyewe wa Kiingereza hawalitaji hata hilo neno. Wanasema "This is Mzee Bakari, our captain." Hapo lugha zetu zimekutana kama ndugu: *huyu ni* kwetu, "this is" kwao. Usiseme "He is Mzee Bakari" huku umemnyooshea kidole mtu aliyeko mbele yako. Kwao inasikika kana kwamba unamzungumzia asiyekuwepo. Wakiwa wawili, "This is Mzee Bakari, and this is Juma." Hiyo "Mzee" iache kama ilivyo. Nilimsikia kijana mmoja pale Mikindani akiitafsiri kwa uaminifu wote, "This is old man so-and-so," na mzee mwenyewe, aliyekuwa anakijua Kiingereza kidogo, akageuza uso baharini.

Ukiuliza adabu, nani apelekwe kwa nani, Kiingereza cha heshima kina mpangilio ambao mtu wa pwani hatapata taabu nao: mdogo hupelekwa kwa mkubwa, na mkubwa ndiye anayeitwa kwanza. "Mzee Bakari, may I introduce our visitors?" Ukimwita nahodha kwanza umempa kiti. Kwa hiyo yule mama, kwa kuinuka na kumwendea mzee aliyekaa, alifanya kile ambacho bibi yako angemfundisha. Sarufi yako ilikosea, adabu ikapatikana. Mimi ningekuwa nahodha ningefurahi.

Kisha liko suala la *-ji-*. Sisi tunasema *naomba nijitambulishe*, na nafsi imejificha ndani ya kitenzi, haionekani mpaka uitafute. Mwanafunzi akivuka kwenda Kiingereza anaiacha nyumbani: "Let me introduce." Mzungu anasubiri. Umtambulishe nani? Mlango uko wazi, hapana aliyeshikwa mkono. Lazima useme "introduce myself". Na hiyo nafsi inabadilika kufuata mtu: "introduce yourself" kwa mmoja, "introduce yourselves" kwa wengi, "ourselves" kama nawe umo. Kwenye vikao vyetu, ambavyo ratiba yake bila kipengele cha *Utambulisho* haijakamilika, nimesikia wenyeviti wa kila namna wakiwaambia watu arobaini "introduce yourself". Ukitaka watu wajitaje kwa zamu, sema "Let's go round and introduce ourselves." Ukisema "let's introduce each other" umeomba kitu kingine: kila mmoja amtaje jirani yake. Huo ni mchezo mzuri wa semina, lakini hakikisha ndio uliouomba.

"Introduce about" itupe. "I want to introduce about Kilwa" naisikia kwa waongozaji wengi wa wageni, na najua inakotoka, ni *nataka kuwaelezea kuhusu Kilwa*. Kitenzi hiki hakitaki "about" hata siku moja. Chagua: "I want to talk about Kilwa", au, nzuri zaidi, "I'd like to introduce you to the history of Kilwa."

Hiyo ya mwisho itakufaa kikazi kuliko zote, kwa hiyo nikae nayo kidogo. "Introduce somebody to something" ni kumfikisha mtu kwenye jambo kwa mara yake ya kwanza. Shangazi yako akiwakaribisha wageni ming'oko iliyochemshwa, yenye chumvi na pilipili, ambayo hawajapata kuiona, "she introduced the visitors to ming'oko". Aliyekufundisha bao ukiwa mdogo, "he introduced me to bao". Wewe ukiwasimamisha wageni kwenye ukingo wa Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, na kuwaambia kwamba msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, ukawaeleza kuwa mji huu ulitengeneza sarafu zake mwenyewe, na kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, unawapokea nje na kuwaingiza kwenye historia ambayo walikuwa hawaijui. Kiswahili hapo hakina neno moja. Mara kinasema kuonjesha, mara kufungulia macho, mara kumwanzisha mtu, na mara nyingi kinasema tu *yeye ndiye aliyenifundisha*. Usilitafute neno moja, utaliharibu. Ila usiifikishe mpaka kwenye unyago. Mwali *hutolewa*, anatoka ndani kuja nje mbele ya watu wakati "introduce" inaingiza, na aliyekuwa ananifanyia utani wa kutafsiri ngoma ya kumtoa mwali kuwa "introducing the girl" nilimwambia amegeuza mlango nyuma mbele.

Kwa vitu na taratibu, Kiingereza kinatumia neno hili hili kwa mambo ambayo sisi tumeyagawia vitenzi vinne au vitano. Serikali ikileta utaratibu mpya, sisi tunasema *imeanzisha*. "Tanzania introduced its own shilling in 1966": ilianzisha shilingi yake. "VAT was introduced in 1998": kodi ya ongezeko la thamani ilianzishwa, au ilianza kutozwa. "The warehouse receipt system was introduced in Mtwara in the 2007/08 season": hii kila mkulima wa korosho anaijua, ni stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kuweka zao ghalani na kupewa risiti. Kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho nje ya utaratibu rasmi, haiwezi kuwa "introduced". Hakuna aliyeitangaza wala kuileta kwa mkono. Ile ilijipenyeza, "it crept in", watu wakabaki wakinunua korosho za wakulima kwa bakuli kabla ya msimu. Waziri akifikisha muswada bungeni, "introduced a bill", kwetu *aliuwasilisha*. Na jambo lililokuwepo, likaondolewa, likarudi, wanalibandika "re" mbele: "Tanzania reintroduced multiparty politics in 1992," kwa sababu vyama vingi vilikuwepo kabla ya sheria ya chama kimoja ya 1965. Anayeandika "introduced" hapo anafuta miaka ya mwanzo ya uhuru kwa herufi mbili alizozisahau.

Kuhusu "to" na "into": mara nyingi zinakubaliana, lakini kitu kikitumbukizwa kabisa ndani ya kingine, "into" inapendeza zaidi. Sangara waliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na wengi huandika "Nile perch were introduced into Lake Victoria", kwa sababu waliwekwa majini hasa. Kunguru wa India aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kula taka, huyo ni "introduced to Zanzibar". Kazi ya taka hakuimaliza, akaongeza ya kuiba vifaranga, akasambaa mpaka bara. Ukitaka mfano wa mgeni aliyevushwa mlango na baadaye mwenyeji akajuta, huyo hapo.

Angalia pia usilipe neno hili kazi isiyo yake. Kijana mmoja aliniandikia insha ya historia, "The British introduced groundnuts in Nachingwea in 1947." Mwaka ni wa mpango wenyewe, lakini sentensi ni ya uongo. Karanga zilikuwa zikilimwa Tanganyika kabla ya mpango huo. Walichofanya Waingereza kuanzia 1947 ni kuanzisha mradi mkubwa wa karanga, "they launched a groundnut scheme", Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, na mwaka 1951 wakaufuta. Kilichoingizwa hasa ni mitambo, mpaka matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ya kutoka Mtwara ilijengwa kwa ajili yake, na baadaye ikang'olewa. Kwa hiyo kabla ya kuandika "introduced" jiulize: kitu hiki kilikuwa nje ya hapa kabla? Kama kilikuwepo tayari, tafuta neno lingine. Na kama mtu amekibuni, ni "invented". Wareno hawakubuni mkorosho.

Nomino yake haitakusumbua. "Introduction" ya kitabu ni utangulizi, ya watu ni utambulisho. Ile barua unayoandikiwa na serikali ya mtaa ukitaka kufungua akaunti benki, barua ya utambulisho, kwa Kiingereza ni "letter of introduction", na hapo utaona picha ya mlango ilivyo hai: mwenyekiti wako hawezi kwenda nawe mpaka kwenye dirisha la benki, anatuma karatasi ikushike mkono kwa niaba yake. Ukienda Uganda ukaalikwa "introduction", vaa vizuri. Wenzetu huko wanaita hivyo siku ambayo upande wa kijana unakwenda rasmi kwa wazazi wa binti.

Matamshi, kwa haraka. Uzito uko mwisho: in-tra-DYUS. Sisi tumezoea kuukaza mlio wa silabi ya pili kutoka mwisho, na kila neno tunalifunga kwa irabu, ndiyo maana tunatoa "introDYUsi". Kata hiyo "i". Wakati uliopita, "introduced", unaishia na mlio wa "t", DYUST. Na "introduction" inabadilika katikati, inakuwa DAK: in-tra-DAK-shen. Wamarekani wanasema DUS bila "y", usiwaige wala usiwasahihishe.

Safari ijayo, mashua ikishatoka na injini imetulia kidogo, geuka kwanza kwa nahodha, kisha kwa wageni, useme: "Good morning, everyone. Let me introduce myself. I'm your guide today. And may I introduce our captain, Mzee Bakari?" Weka jina lake la kweli. Halafu nyamaza. Wageni watasema "Nice to meet you" na nahodha atawajibu "Karibuni", nawe usiitafsiri. Mkishateremka Kisiwani, chini ya mti au penye kivuli chochote, ndipo useme: "Now I'd like to introduce you to the history of Kilwa." Kama yule mama atakuwemo tena na akainuka kwenda kumpa nahodha mkono, safari hii atakuwa ameamua mwenyewe.